UZI: Maandishi ya AI yanayonuka mashine, tunayanyooshaje yakawa Kiswahili cha watu?

mhariri_mwanjelwa

Wakuu, habari za jioni, hasa mlioko Uporoto na Makete ambako Julai hii mtu haachi blanketi mpaka saa nne.

Uzi huu ni wa wanaotumia ChatGPT na wenzake kwa vitu vya kazi: vipeperushi vya ushirika, matangazo ya redio, barua za ofisi, meseji za vikundi, maelezo ya bidhaa dukani. Mashine inaandika haraka, lakini msomaji wa Tukuyu akifika mstari wa pili anaguna. Tuwekeane mbinu. Nawaanzishia na aya moja, ni ya kipeperushi cha viazi mviringo, imetoka kwenye mashine kama ilivyo:

"Katika ulimwengu wa leo, kilimo cha viazi kinachukua nafasi muhimu katika kuboresha maisha ya wakulima. Ni muhimu kutambua kwamba uchaguzi wa mbegu bora ni moja ya mambo muhimu zaidi ambayo yanaweza kusaidia kuongeza uzalishaji. Wakulima wanashauriwa kutumia mbegu ambazo zimethibitishwa, kuzingatia nafasi sahihi, na kutumia mbolea kwa ajili ya ukuaji bora. Kwa kufanya hivyo, mkulima si tu anaongeza mavuno bali pia anajenga mustakabali endelevu kwa familia yake."

Sarufi haina kosa. Tatizo ni kwamba haijasema kitu. Jaribu kubadili zao: futa "viazi", weka "mahindi", au "parachichi", au hata "maharage". Sentensi zote nne zinabaki sahihi. Sentensi inayokubali zao lolote haimhusu mkulima yeyote, ifute. Ukimaliza kufuta hapa unabakiwa na vichwa vitatu tu, mbegu, nafasi na mbolea, na vyote vinadai namba. Kwa mfano mbegu na nafasi:

"Mbegu iwe na ukubwa wa yai la kuku, milimita 35 hadi 55, na iwe imeshachipua. Panda sentimita 75 tuta hadi tuta na sentimita 30 shimo hadi shimo. Kwa nafasi hiyo ekari moja inameza mbegu kama 18,000. Mbegu iliyotoka kwenye shamba lenye mnyauko usiipokee hata ukipewa bure, ugonjwa unahamia kwako na unakaa udongoni miaka."

Ona kwamba hakuna aliyeongeza misemo wala utani. Kilichoongezwa ni taarifa, na taarifa ikishaingia, sentensi zenyewe zinakuwa fupi hapa na ndefu pale bila kulazimishwa. Hiyo 18,000 msiichukue kwa imani: 0.75 mara 0.30 ni mita za mraba 0.225 kwa kila mche, ekari ni mita za mraba 4,047, gawanyeni.

kihesa_juu

Uzi mzuri mkuu. Naongezea upande wa lugha, maana unaweza kuwa na taarifa zote na bado ikasomeka kama tafsiri.

Mashine hizi zimesoma Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, tena kwa mbali sana. Zikiandika Kiswahili, mifupa ya sentensi inakuwa ya kule na nyama ndiyo ya huku. Halafu zimepitishwa hatua ya pili ambapo watu walipigia kura majibu waliyoyapenda, na wakapenda yale ya adabu na mpangilio. Ndiyo maana kila jibu lina utangulizi, mambo matatu na hitimisho, hata ukiuliza bei ya nyanya.

Vitu vya kukagua, kwa uzito wake:

"Ambayo". Kiswahili kina kirejeshi ndani ya kitenzi. "Mbegu ambazo zimethibitishwa" ni "mbegu zilizothibitishwa". "Mkulima ambaye anauza" ni "mkulima anayeuza". Si kosa kutumia amba-, wakati mwingine inabidi, kwa mfano kwenye hu- ya mazoea ("mtu ambaye huuza"). Lakini ukikuta tatu kwenye aya moja, mbili zibadilishe.

"Kwa ajili ya". Hii inaniudhi kuliko zote. "Kisu kwa ajili ya kukata mbegu" ni "kisu cha kukatia mbegu". "Ndoo kwa ajili ya kubebea maji" ni "ndoo ya kubebea maji", basi. Lugha yetu ina -ia na -ea za kufanya kazi hiyo.

Nyakati. Mashine inaishi kwenye -na- na -me-, mwanzo mwisho. Angalia hii ya kahawa: "Kahawa inavunwa. Kisha inamenywa. Kisha inachachushwa. Baada ya hapo inaoshwa na inakaushwa." Mtu wa Mbozi atasema: "Kahawa ikishachumwa humenywa siku hiyohiyo, huachwa ichachuke mpaka utelezi uachie, ndipo ioshwe na kuanikwa kwenye vichanja." Humo mna -ki-, hu-, -sha-, ndipo. Huhitaji "kisha" hata moja, kitenzi chenyewe kinabeba mpangilio.

Na hapo hapo muangalie maneno ya kazi. Kumenya ni kutoa ganda jekundu, kukoboa kunakuja baadaye kiwandani. Mashine inachanganya mara kwa mara, na mkulima wa kahawa akiona "kukoboa" mahali pa "kumenya" hasomi tena.

Nomino za u-. "Ufanyaji wa uboreshaji wa uzalishaji wa mazao" ni foleni ya magari Mwanjelwa, kila moja limesimama nyuma ya jingine. Tafuta nani anafanya nini, uandike kitenzi.

Baada ya hapo kuna orodha ya kufuta bila huruma: "ni muhimu kutambua", "katika ulimwengu wa leo", "ina jukumu muhimu", "si tu... bali pia", "zaidi ya hayo" mwanzoni mwa aya, "kwa kumalizia", na "changamoto" pale inapomaanisha shida.

mtaa_wa_pili_mafinga

Kwani si kuna tovuti za kubadilisha maandishi ya AI yawe ya binadamu? Unabandika, unabonyeza, umemaliza. Mbona mnajitesa?

kihesa_juu

@mtaa_wa_pili_mafinga kwa Kiingereza zinaweza kupita, kwa Kiswahili zinavunja ngeli. Nyingi zinafanya kazi ya kubadili neno kwa neno la maana ileile. Kiingereza hakijali sana, Kiswahili kinajali kila kiungo. Chukua "ugonjwa huu unashambulia majani". Tovuti inabadili "ugonjwa" kuwa "maradhi" na kuacha mengine: "maradhi huu unashambulia majani". Ilitakiwa "maradhi haya yanashambulia". Neno moja likibadilika linavuta mengine mawili, na sentensi inayofuata ikiwa na "unaenea" nayo inakuwa yatima.

Hata bila tovuti hizo, kagua viumbe. Ng'ombe, mbuzi, kuku, kifaranga, samaki: umbo ni la ngeli nyingine lakini vitenzi ni vya a-/wa-. "Ng'ombe inatoa lita 12" andika "ng'ombe anatoa". "Vifaranga vinahitaji joto" andika "vifaranga wanahitaji joto". Mashine mara inapatia mara inakosa, ndani ya ukurasa uleule. Tafuta jina la kila mnyama kwenye andiko lako, ukague kitenzi kinachofuata.

bibishamba_uyole

Mmeongea lugha, mimi naongelea mahali. Andiko linaweza kuwa Kiswahili safi kabisa na bado likawa la Nakuru au la Morogoro.

1. Misimu. Mashine ikisikia Tanzania inaandika "panda wakati wa vuli, na tena wakati wa masika". Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe hatuna misimu miwili. Mvua ni moja, Novemba mpaka Aprili, sehemu za Rungwe na Kyela inavuka hapo. Kipeperushi chenye "vuli" kinakufa mikononi mwa mkulima wa Igurusi papo hapo.

2. Hekta na ekari. Hii si suala la kusomeka vizuri tu, ni hasara. Machapisho ya Kiingereza yanatoa viwango kwa hekta, mashine inayabeba hivyohivyo, mkulima anasoma akiwa na ekari kichwani. Hekta 1 ni ekari 2.47. Ukiandika "kilo 250 za mbolea kwa hekta" yeye akaweka kilo 250 kwenye ekari, amemwaga mifuko 5 ya kilo 50 mahali pa mifuko 2. Badilisha mwenyewe kwa kikokotoo, usiiachie mashine, kisha andika kwa mifuko.

3. Dawa. Kiwango cha dawa usikubali kutoka kwenye mashine hata kikionekana sahihi. Soma kibandiko cha chupa, halafu kiandike kwa bomba: "kwa bomba la lita 16" au "la lita 20", utaje lipi, maana yote mawili yapo vijijini na kizibo cha dawa ni kilekile.

4. Maneno ya jirani. Mashine imesoma Kiswahili kingi cha Kenya. Ukikuta "avokado" ni parachichi, "duka la agrovet" ni duka la pembejeo, "kaunti" ni halmashauri au wilaya, "afisa wa ugani" ni afisa ugani, au bwana shamba na bibi shamba kama unaongea na watu wazima. Wakenya hawajakosea, ni Kiswahili chao, ila msomaji wako anajua mara moja kwamba aliyeandika hajawahi kukanyaga Isyonje.

5. Vipimo vya sokoni. Debe, ndoo, gunia, na lumbesa. Mashine haitaji lumbesa kabisa, na ukiitaja inaeleza kama vile ni aina ya gunia. Lumbesa ni gunia lililovishwa kilemba, mnunuzi analipa gunia moja anabeba moja na zaidi, na kisheria hairuhusiwi. Kipeperushi cha masoko ya viazi kinachosahau lumbesa kimesahau ugomvi wenyewe.

ndaga_fijo

Bibi shamba umemaliza. Mimi nilidhani dawa ni kuiambia tu mashine "andika kama mtu wa Mbeya".

bibishamba_uyole

Ukiiambia hivyo itakuwekea "ndaga" na "kamwene" kila aya, mdogo wangu. Ndaga, yaani asante, ni ya Wanyakyusa, ukiipeleka Mbozi kwa Wanyiha umewashukuru kwa lugha ya jirani. Kamwene ni salamu ya Wahehe na Wabena. Kiungo hicho kikiwekwa na mtu asiyejua kinaharibu mboga nzima. Neno la lugha ya nyumbani liweke wewe mwenyewe, mara moja, mwanzoni, kama hadhira yote ni ya hapo. Vinginevyo Kiswahili kinatosha.

kihesa_juu

Na maneno ya mtaani ya vijana ni vilevile. Watu wanaagiza "ifanye iwe ya kibinadamu", mashine inamwaga "mwanangu", "kinoma", "freshi" kwenye tangazo la mbolea. Mzee wa miaka 60 anauziwa mbolea na kijana wa kijiweni.

fundi_bando

Nimekaa kimya lakini kuna kitu hapa hakuna aliyegusa: maandishi yanaposafiri kutoka kwenye mashine kwenda kwenye simu.

Nyota. Mashine inaweka nyota mbili mbili kukoleza maneno. Ukibandika WhatsApp, nyota mbili zinabaki zimening'inia, kwa sababu WhatsApp inakoleza kwa nyota moja kila upande. Alama za reli (#) mwanzoni mwa vichwa nazo zinabaki kama zilivyo. Hiyo ndiyo saini ya AI inayoonekana kabla mtu hajasoma hata neno. Ibandike kwanza kwenye programu ya maandishi matupu, futa nyota na reli zote, kisha koleza neno moja au mawili ya maana: tarehe na mahali.

SMS. Hii inawala pesa viongozi wa AMCOS, vyama vya ushirika wa mazao, bila kujua. SMS ya herufi za kawaida inabeba herufi 160. Ukiingiza alama moja tu iliyo nje ya seti ya kawaida, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine na kikomo kinashuka hadi herufi 70. Zikiwa SMS zilizounganishwa, kila kipande kinabeba 153 kwa mfumo wa kawaida na 67 kwa ule mwingine.

Alama gani? Kistari kirefu ambacho mashine inakipenda, nukuu zilizopinda, emoji, na hii ndiyo mtego kwetu: koma ya juu iliyopinda kwenye "ng'ombe", "ng'ambo", "kung'oa". Ile iliyonyooka iko kwenye seti ya kawaida, iliyopinda haimo. Tangazo la kuogesha ng'ombe lenye herufi 150 ni SMS 1. Koma ikipinda, linakuwa SMS 3. Wanachama 300, umelipia SMS 900 badala ya 300. Baadhi ya mifumo ya kutuma inabadilisha alama yenyewe, mingine haibadilishi. Kabla hujabonyeza tuma, angalia kihesabu kinachoonyesha idadi ya SMS. Kikiruka bila sababu, tafuta hiyo koma.

mhariri_mwanjelwa

@fundi_bando hiyo ya koma ni dhahabu. Na saa je?

fundi_bando

Saa ndiyo balaa. Mashine ikichukua taarifa za Kiingereza inaandika "saa 8 asubuhi" kumaanisha saa 2 asubuhi. Wakati mwingine inageuza mara mbili, saa 2 inakuwa saa 8 halafu inaongeza "mchana". Mpe saa ya Kiswahili tangu kwenye agizo, umwambie asiigeuze, kisha ukague. Panapokuwa na basi au ndege ya Songwe, andika zote mbili: "saa 1:30 asubuhi (07:30)".

mzee_wa_yatokanayo

Vijana shikamooni kwa zamu yenu, leo nawaamkia mimi.

Barua na mihtasari. Ukiiomba mashine barua kwa Mkurugenzi wa Halmashauri inakuletea "Mpendwa Mheshimiwa, natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema". Hiyo ni barua ya Kiingereza iliyovaa kanzu. Barua ya kiofisi ya hapa ina mifupa yake: anwani ya mwandishi juu kulia pamoja na S.L.P., Kumb. Na. kama taasisi inayo, tarehe, anwani ya mwandikiwa kushoto, "Kupitia kwa" kama inapita kwa Mtendaji wa Kijiji au Kata, kisha "Ndugu," na chini yake "YAH:" kwa herufi kubwa. Mwili unaanza "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Watu wanakicheka kifungu hicho, lakini karani wa masjala anajua aipeleke wapi kabla hajasoma aya ya pili. Mwisho sahihi, jina, cheo, na "Nakala:" kama zipo. Hakuna "nakutakia siku njema".

Wateja nao hawaitwi "Mpendwa mteja". Ni "Ndugu mteja".

Muhtasari wa kikao: mashine inapanga Utangulizi, Majadiliano, Hitimisho. Wajumbe wanatafuta mahudhurio (waliohudhuria, walioomba udhuru, wasiohudhuria bila taarifa), kufungua kikao, kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, ajenda moja moja, mengineyo, kufunga. Kila ajenda iishie na azimio: nani atafanya nini, mpaka lini. Mashine inaandika "wajumbe walijadiliana kwa kina na kukubaliana juu ya umuhimu wa ushirikiano". Azimio liko wapi? Kama hukuipa mashine azimio kwenye maelezo itabuni, au itakwepa. Kubuni kwenye muhtasari ni kosa kubwa kuliko lugha mbaya, maana karatasi hiyo inasainiwa.

mtaa_wa_pili_mafinga

Mzee marahaba, hahaha. Swali lingine: nina mdogo wangu chuo, wanasema kuna programu ya kugundua AI, wanaweza kumkamata?

mwl_tukuyu

Nijibu hilo kwa kirefu kidogo kwa sababu walimu wengi wameshaamini vichunguzi hivyo.

OpenAI, wenye ChatGPT, walitoa kichunguzi chao Januari 2023. Kwa maelezo yao wenyewe kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya AI, na kikasingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu. Walisema kisitumike nje ya Kiingereza wala kwenye andiko lisilofika herufi 1,000. Julai mwaka huohuo wakakiondoa, usahihi wake ukiwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walipitisha insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye vichunguzi 7. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilibandikwa jina la AI.

Sababu iko wazi ukijua kinachopimwa. Vichunguzi vingi vinaangalia jinsi neno linalofuata linavyotabirika na jinsi urefu wa sentensi unavyopanda na kushuka. Mtu anayeandika lugha ya tatu, kwa msamiati mdogo na sentensi za darasani, anatabirika kama mashine. Sasa fikiria mwanafunzi wa Busokelo aliyekua na Kinyakyusa, akasoma kwa Kiswahili, anaandika insha ya Kiingereza.

Kwa hiyo mdogo wako anaweza kukamatwa akiwa hana kosa, na anaweza kuponea akiwa nalo. Atunze rasimu zake zenye tarehe, afuate kanuni za chuo chake, na kama kanuni zinaruhusu AI aseme aliitumia kwenye kipengele gani. Mwalimu anayetaka kujua, amwite dakika 5, amuulize kwa nini aliweka aya ya tatu kabla ya ya nne.

Uzi huu nausoma kama uzi wa kumsaidia msomaji, si wa kukwepa msimamizi.

mhariri_mwanjelwa

Sawa kabisa mwalimu. Anayetaka uzi wa kukwepa afungue wake.

Nirudi kwenye agizo, maana nusu ya harufu inaanzia hapo. Watu wanaandika "wewe ni mwandishi mahiri mwenye uzoefu wa miaka 20". Sentensi hiyo ndiyo inayoleta mbwembwe. Agizo linalofanya kazi linaonekana hivi:

"Andika ujumbe wa maneno yasiyozidi 60 kwa wanachama wa kikundi cha wakulima wa parachichi wilaya ya Rungwe. Wengi ni watu wazima, wanasoma kwenye kitochi. Taarifa ni hizi tu: (orodha). Usiongeze nyingine. Taarifa ikikosekana acha nafasi, andika HAIPO. Usiweke utangulizi wala hitimisho. Saa ni za Kiswahili, usizigeuze. Usitumie nyota, emoji wala kistari kirefu. Mfano wa uandishi wetu ni huu: (bandika)."

Uzito uko kwenye huo mfano. Bandika jumbe mbili au tatu za zamani zilizoandikwa na mtu, jumla maneno 200 hadi 400. Mashine inaiga vizuri kuliko inavyotii maelezo. "Andika kwa urahisi" haina maana kwake, lakini ikiona katibu wenu anaandika "Msisahau daftari" itaandika hivyo. Mfano ukiwa mmoja tu itaunakili mpaka na salamu, ndiyo maana nasema miwili au mitatu.

Andiko refu lisiombwe lote kwa mkupuo. Omba hoja kwanza, zifute nusu, jaza taarifa, halafu omba sehemu moja moja. Ukiomba maneno 1,500 kwa pamoja itapanga sehemu tano zenye urefu sawa, kila moja na aya tatu, hata kama moja ilihitaji sentensi mbili. Hesabu yake ya maneno pia usiiamini: inasoma maandishi kwa vipande, na neno la Kiswahili kama "hawajatuletea" linakatwakatwa vipande kadhaa. Hesabu mwenyewe.

Wanaotumia programu zenye kitufe cha kupandisha ubunifu, msikipandishe sana mkidhani italeta uasili. Inaleta maneno ya ajabu na ngeli zinazovuka mipaka.

Kuna njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo bora: usianze na mashine, anza na sauti. Mwombe anayejua jambo, mzee wa kiwanda cha chai au mama wa mpunga wa Kyela, aeleze kwa dakika 5, mrekodi kwa ruhusa yake. Kisha iambie mashine: "Nakili kama yalivyo. Ondoa kurudiarudia na kigugumizi. Usibadili maneno yake, usiongeze. Pasiposikika andika HAISIKIKI." Hapo mdundo ni wa mtu na mashine inafagia tu. Kagua namba na majina ya mahali kwa kusikiliza tena, ndiyo yanayoharibika zaidi: Isangati, Ilembo, Igoma, zote mashine inaweza kuziandika inavyotaka.

ndaga_fijo

Na ukishamaliza kuhariri unajuaje imekaa?

kihesa_juu

Soma kwa sauti umesimama. Pumzi ikikatika kabla ya nukta, kata sentensi. Ulimi ukijikwaa mahali palepale mara mbili, pana tafsiri hapo. Kisha hesabu maneno ya sentensi tano zinazofuatana, ukikuta 17, 18, 16, 19, 17, ivunje moja iwe na maneno manne. Halafu mpe mtu mmoja wa hadhira hiyo asome, umwombe akueleze alichoelewa bila kuangalia karatasi. Usimuulize "imekaa vizuri?", atakujibu imekaa, kwa heshima tu.

redio_makambako

Kwa redio ongezeni hili: namba ziandikwe kwa maneno. "Kilo 2,500" mtangazaji akiwa na haraka anasoma "mbili mia tano". Andika "kilo elfu mbili na mia tano". Vifupisho kama TARI viandikwe kirefu mara ya kwanza, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Mabano yote yaondoke, hayasikiki hewani. Na namba ya simu irudiwe mara mbili, ikikatwa tatu tatu.

mtaa_wa_pili_mafinga

Nimebandika ile aya ya viazi ya mhariri kwenye ile tovuti ya kubadilisha. Imenirudishia "Vibegu viwe na saizi ya yai la jogoo".

bibishamba_uyole

La jogoo 😂 Huyo usimpe hata kiwango cha mbolea.